Mradi wa Mwanafunzi Uanzie Ukunda

Wazazi wa Ukunda wameshazoea kuagizwa manila, gundi na katoni ili mtoto atengeneze mradi wa shule. Kazi ikishapewa alama, mara nyingi huishia jaani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini Kenya mwaka 2019, ulikusudia makubwa zaidi: mtoto atoke, aone, aulize. Na Ukunda una mengi ya kuulizwa.

Pale Mto Mwachema unapoingia baharini upo Msikiti wa Kongo, wa mawe ya matumbawe, katikati ya mibuyu, na hadi leo unaswaliwa. Wazee wa msikiti wakiridhia, wanafunzi wapime unene wa kuta zake kwa futi na kuichora mihirabu. Hapo hesabu, sanaa na historia zimesomwa kwa asubuhi moja.

Kusini kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda. Mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, wala haruhusiwi kutoka na hata jani. Anayemwongoza humtajia mti na dawa yake. Daftari moja la majina hayo kwa Kidigo lina thamani kubwa kuliko katoni zote za muhula.

Juu ya barabara ya ufuoni Diani zimetandazwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Shirika la Colobus Conservation linalowalinda lilianzishwa mwaka 1997. Kuwahesabu wanaovuka, asubuhi na jioni, ni sayansi isiyohitaji maabara.

Ipo pia historia ya karibuni: mwaka huohuo wa 1997, mwezi wa Agosti, machafuko yaliyoanzia Likoni yalifika Ukunda. Watu walihama, watalii wakaadimika, na mji uliokuzwa na hoteli ukakosa kazi. Walioyaona wangali hai, baadhi yao ni babu na nyanya za wanafunzi hawa. Mada ni nzito, na mwalimu aiendee kwa uangalifu, lakini asiiruke: bila hiyo mtoto hataelewa mtaa anaoishi.

Nauli na ada za kuingilia zisimwangukie mzazi tena. Serikali ya kaunti na hoteli za Diani zinaweza kuzibeba. Kazi zikikamilika, zihifadhiwe katika maktaba ya shule, nakala wapewe wazee wa kaya na wa msikiti, na darasa la mwaka unaofuata liendeleze hesabu ya mbega pale wenzao walipoishia.