Mazembe bila Samatta: kombe litabaki kwetu?

Hapa Katoto, mjini Kamina, ubishi wa jioni ni mmoja tu tangu Mbwana Samatta aende Ubelgiji: Mazembe wataweza kulichukua tena kombe la Afrika mwaka huu wa 2016? Katanga imegawanywa mwaka jana, sisi sasa ni watu wa Haut-Lomami, lakini timu haikugawanywa.

Wenye mashaka wana sababu. Samatta alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa ya 2015, na katika fainali aliwafunga USM Alger huko kwao na Lubumbashi pia. Kocha Patrice Carteron naye ameondoka, amekuja Hubert Velud. Na kule Japani, Desemba, tulipigwa mechi zote mbili. Tusifiche.

Ila Mazembe wamekwisha kupita njia hii. Mwaka 2009 walibeba kombe wakiongozwa na Trésor Mputu. Mwaka uliofuata Mputu akafungiwa na FIFA kwa fujo za Kigali, na kocha akabadilishwa. Nani alitegemea kitu? Esperance ya Tunis ilikula mabao 5 Lubumbashi, kombe likabaki, na Desemba vijana wakacheza fainali ya dunia na Inter Milan. Wazee nao, wakati timu ikiitwa Englebert, walirudia 1967 na 1968.

Mwezi huu wa Februari wameshinda Étoile du Sahel 2-1 na kuchukua Super Cup, Samatta hayupo. Kalaba yupo, Ulimwengu yupo. Jonathan Bolingi ametoka Kigali na kombe la CHAN, na katika fainali ile ya 3-0 mbele ya Mali bao moja lilikuwa lake. Apewe mechi. Kumleta mshambuliaji wa bei kubwa aje kumkalisha kijana huyu kwenye benchi itakuwa kosa.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa iko kwenye mfuko kuliko uwanjani. Klabu inamtegemea Moïse Katumbi, na tangu Septemba ameacha ugavana na chama tawala, mwaka wa uchaguzi ukiwa mlangoni. Siasa ikimbana yeye, mishahara ya wachezaji itatoka wapi? Viongozi wa klabu watujibu hilo sasa, kabla ya mechi za Machi, na wafungue uanachama wa kulipia hata kwa sisi wa Kamina tunaoisikia timu redioni tu. Wengi hapa wako tayari kutoa.