WAZEE WANAONGEZEKA: WAPASUAJI WAKO WAPI?

Ndugu wafanya kazi wa Olkaria na wa mashamba ya maua ya Naivasha,

Wako mabwana wasemao kwamba Kenya ni nchi ya vijana, kwa hiyo mambo ya wazee yangoje. Sisi twajibu: hayangoji! Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha watu kama milioni 1.9 wenye miaka 60 na zaidi. Ile ya 2019 ilionyesha milioni 2.7. Na kijana aliyeingia kazini hapa mwaka 1981, mtambo wa kwanza wa mvuke ulipoanza kutoa umeme, akiwa na miaka 25, leo amepita 65.

Uzee si ugonjwa. Lakini huja na mambo yanayotaka mkono wa mpasuaji: mtoto wa jicho, tezi dume, henia, nyonga iliyovunjika. Mtoto wa jicho huondolewa kwa muda mfupi, na mzee akaona tena. Asipopasuliwa huwa kipofu, na binti yake huacha kibarua cha maua ili amshike mkono. Basi hasara si ya mzee peke yake. Mshahara wa kijana nao umepotea.

Watuambia wapasuaji wataandikwa haja itakapoonekana. Hayo ni maneno ya kupoteza wakati. Daktari husoma miaka sita, hufanya mazoezi mwaka mmoja, kisha husomea upasuaji miaka mingine mitano. Mpasuaji wa mwaka 2040 yafaa aanze masomo sasa. Sisi wa Olkaria twalijua jambo hili vizuri. Visima vya majaribio vilichimbwa hapa katika miaka ya 1950, na umeme ukaja 1981. Waliochimba hawakungoja taa zizimike ndipo watafute mvuke.

Tena mpasuaji peke yake hafanyi kitu. Anahitaji mtu wa nusukaputi, wauguzi, damu na vifaa. Julai 2021 Kenya ilipatana na Uingereza kupeleka wauguzi huko. Uingereza ina wazee wengi, nayo yaijua haja yake. Je, sisi hatuijui yetu? Hatuwalaumu wauguzi, kila mfanya kazi hufuata mshahara. Twawalaumu wanaomwacha daktari kijana akizurura bila kazi na huku mzee anangoja. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na siku 56 mwaka 2024. Ugomvi wao ni wetu pia.

Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya SHIF. Twalipa. Lakini kadi ya bima haishiki kisu.

Kwa hiyo twadai:

1. Kaunti ya Nakuru iandike wapasuaji na watu wa nusukaputi kwa kazi ya kudumu, si ya mkataba mfupi.

2. Serikali iwalipie masomo ya upasuaji madaktari wengi zaidi, na ianze mwaka huu.

3. Kila mapatano yetu na mwajiri yawe na kifungu cha matibabu ya mfanya kazi baada ya kustaafu, upasuaji ukiwamo.

Kila mjumbe alilete neno hili katika mkutano wa tawi lake. Nawe kijana, usiseme hayakuhusu. Kila mwisho wa mwezi wakusogeza uzeeni.

UMOJA NI NGUVU!