Picha ya ndani ina mwenyewe

Kila msimu wa harusi Mombasa hauishi bila kisa cha picha iliyovuja. Bibi harusi amekalishwa jukwaani, shela limefunuliwa, mashoga zake wamevua mabuibui wanacheza chakacha. Kufika asubuhi video ishazunguka simu za wanaume wa mtaa mzima. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wako wanaotaka kamera zipigwe marufuku kabisa kwenye kupamba, sherehe hiyo ya wanawake peke yao. Wako wengine, aghalabu vijana wa sanaa ninaowaheshimu, wanaosema haya ni mambo ya kale na watu wazoee. Mimi napiga picha harusi za wanawake, kazi hii ndiyo inayosomesha wanangu, na rai zote mbili nazikataa.

Ili mjue kwa nini, twendeni kwanza Lamu, kwenye nyumba ya mawe, hasa ile iliyohifadhiwa kuwa makumbusho ya nyumba ya Waswahili. Ukisimama njiani huoni kitu: ukuta wa matumbawe na chokaa, hauna pambo. Kuna daka lenye viti vya mawe pande mbili, hapo mgeni wa kiume alikaa na mazungumzo yakaishia hapo hapo. Ukiruhusiwa kupita unaingia tekani, njia iliyopindishwa makusudi ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Halafu kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, yaani kumbi, na kila hatua nakshi za lipu zinazidi. Kule mwisho, ndani kwenyewe, ndiko kuna zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye lipu, yalimopangwa mabakuli na sahani za China. Fundi alitumia ustadi wake wote mahali ambapo watu wachache kabisa wangefika.

Wapiga picha wanaotutembelea hupiga picha ya mlango wakaondoka. Ndiyo maana kadi na kalenda za pwani zimejaa milango ya Zanzibar na Lamu, na msomaji wa mbali hudhani sanaa yetu imekomea kwenye kizingiti. Siwalaumu kwa kutoingia. Lakini yule anayedai kwamba kilichofichwa ni dalili ya unyonge, aende akasimame mbele ya zidaka kisha aniambie waliokaa chumbani mle walikosa nini.

Kamera iliukuta mpango huu wa kuficha cha ndani, na mwanzoni haikuuheshimu. Karne ya 19 mpiga picha A. C. Gomes alikuwa na studio Zanzibar, na kutoka studio za wakati ule, yake na za wenziwe, zilitoka kadi za posta za wanawake waliovishwa, wakapambwa, wakakalishwa mkao aliotaka mpigaji. Kadi ikauzwa kwa abiria wa meli, ikaishia Ulaya kwenye droo ya mtu asiyewajua. Chini imeandikwa kabila, jina la mtu hakuna. Kila nikiziona kadi zile natazama macho ya yule dada, na swali ninalojiuliza ni moja: je, alipata hata nakala moja ya kupeleka kwao?

Sasa mtazame mpiga picha N. V. Parekh, aliyekuwa na studio hapa hapa Mombasa kuanzia miaka ya 1940. Wanawake waliingia kwake na mabuibui, wakayavua, wakajipodoa, wakachagua namna ya kukaa: mkono shavuni, bega limegeuzwa kidogo, tabasamu la nyota wa sinema ya Kihindi. Picha zile zina raha ambayo kadi za posta hazina, na sababu yake si mashine. Mteja ndiye aliyelipa, ndiye aliyeamua, na nakala alikwenda nayo nyumbani akaiweka anapotaka. Hata wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni, waliotundika mapazia yaliyochorwa ndege na majumba marefu, walimwachia mteja achague dunia ya kusimama mbele yake.

Simu imeliondoa chaguo hilo. Sasa mgeni aliyealikwa, aliyekula biriani yetu, anachukua sura ya mwenzake na kuitoa nje bila hata kunong'ona.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Nilifurahi. Lakini niambieni, bibi harusi gani atamshtaki wifi yake? Atalia, atanyamaza, na ndoa itaanza na kinyongo.

Kwa hiyo kinga lazima ianzie mlangoni mwa ukumbi. Harusi nyingi siku hizi huweka wasichana wawili wenye karatasi za vibandiko. Kila simu hufunikwa kamera, mbele na nyuma, na anayebandua hutolewa bila kujali ni shangazi wa nani. Mimi mwenyewe nilinunua printa, kwa kuwa kwenye maabara nyingi za mjini anayesimama mashineni ni mwanamume. Nachapa albamu, nasafisha kompyuta, kadi ya kumbukumbu namkabidhi bibi harusi mkononi mwake, si mama yake wala bwana harusi. Wenzangu wa kazi wanasema najinyima matangazo. Ni kweli, na wateja wananipata kwa kuambiana.

Wanaotaka marufuku nao wanasahau jambo. Msichana aliyesukwa, akachorwa piko usiku kucha, akafukizwa udi, ana haki ya kujiona akiwa na miaka sitini. Kumnyima picha kwa sababu wengine hawana amana ni kumwadhibu aliyekosewa.

Juzi juzi waandaaji wa maonyesho waliniomba picha za kupamba. Niliwauliza mabibi harusi wenyewe. Wengi walikataa, waliokubali waliweka sharti kwamba zitundikwe kwenye chumba cha peke yake, waingie wanawake tu, na mlangoni kibandiko juu ya kila simu. Waandaaji walisema sanaa haiwezi kufungiwa. Nikawaeleza habari ya zidaka, hawakushawishika. Picha zimebaki kwa wenyewe, na akija mwandaaji mwingine nitampa sharti lile lile.