Paa la Nachingwea Lipimwe kwa Jua la Nachingwea

Fedha za ufuta zikiingia Juni na Julai, na za korosho zikianza kutoka kwenye minada ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kuanzia Oktoba, mafundi wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, hawapumziki. Tofali zilizokaa mwaka mzima chini ya mkorosho zinapandishwa, linta inamwagwa, na mwenye nyumba anaanza kuhesabu mbao za kenchi. Siku hizi mazungumzo ya kupaua hayaanzii dukani, yanaanzia kwenye simu. Mteja anamwonyesha fundi picha ya nyumba ya Marekani au Kanada: paa limeinuka pande nne, limefunikwa vigae bapa vyeusi vilivyolaliana kama magamba ya samaki. Anauliza kama vinapatikana Dar es Salaam. Vinapatikana. La kuuliza kabla ya hapo ni kama vinaifaa nyumba ya Kilimanihewa pale Nachingwea, au ya Nandagala kule Ruangwa, na jibu la makala hii ni kwamba haviifai.

Vigae hivyo ni vya lami. Kiini chake ni shuka jembamba la nyuzi za kioo lililoloweshwa lami iliyochanganywa na unga wa mawe, kisha juu yake zikamwagwa chembe za mawe yaliyosagwa na kutiwa rangi. Ukikata kimoja kwa kisu unaona wazi kilivyo: milimita chache za weusi mtupu, na juu yake ngozi ya changarawe laini inayokwaruza kidole. Chembe hizo si pambo. Ndizo zinazoikinga lami na miale ya jua, kwa sababu lami ikichomwa na jua moja kwa moja hukaukiwa mafuta yake, ikakakamaa na mwishowe kupasuka. Kigae kikianza kupukutisha chembe zake, siku zake zinahesabika.

Asili yake ni Grand Rapids, jimbo la Michigan, ambako mwaka 1903 mfanyabiashara wa vifaa vya kuezekea aitwaye Henry Reynolds alianza kukata marobota ya karatasi ya lami kuwa vigae vidogo. Wamarekani wengi wakati huo waliezeka kwa vigae vya mbao, na moto uliwasumbua sana. Vigae vya lami vilikuwa rahisi kwa bei, vyepesi kubeba begani, na seremala yeyote mwenye nyundo aliweza kuvifunga. Leo ndivyo vinavyofunika sehemu kubwa ya nyumba za makazi nchini humo. Tena huko plaiwudi imejaa kila duka la vifaa, na paa la mbao zilizozibwa kabisa ni la kawaida kwa sababu ya theluji na baridi. Kwa mazingira yake, kigae hiki kilistahili kushinda.

Kikiletwa Lindi, hesabu inageuka, na inageukia kwenye kitu ambacho picha ya simu haikionyeshi: kilicho chini ya kigae.

Bati linajishikilia lenyewe. Fundi anasimamisha kenchi, anapitisha papi kwa nafasi, anapigilia bati, kazi imekwisha. Kigae cha lami hakina mgongo wala nguvu ya kujibeba, kinalala tu. Kwa hiyo paa lote, kuanzia kofia hadi upenu, sharti lizibwe kwanza kwa plaiwudi au mbao zilizobanana, juu yake litandazwe shuka la kuzuia maji, ndipo vigae vianze kupigiliwa kutoka chini kwenda juu. Uzito nao unabadilika. Bati la geji 28 lina kilo tatu hadi nne hivi kwa mita moja ya mraba. Vigae vya lami vina kilo kumi hadi kumi na tano, na plaiwudi ya milimita 12 inaongeza kilo saba nyingine. Kenchi iliyozoeleka kwenye nyumba za hapa haikupigwa kwa mzigo huo, kwa hiyo mbao zinaongezeka, na mbao hizo nyingi zinatoka Mafinga, mwendo mrefu wa lori hadi Nachingwea. Mwenye nyumba anadhani amenunua paa moja, kumbe amenunua mawili: la mbao chini na la lami juu.

Halafu kuna mchwa. Kila aliyejenga katika wilaya hizi anawafahamu. Katika paa la bati, mchwa wakipanda ukutani na kufika kwenye papi, njia yao ya udongo inaonekana mtu akiinua macho. Katika paa lililozibwa kwa plaiwudi wanakula katikati, gizani, na mwenye nyumba anapata habari siku paa linapobonyea.

Joto ndilo jambo zito kuliko yote. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, jua la saa saba mchana huku kusini halina masihara. Kigae cheusi cha lami kwenye jua la namna hiyo hupita nyuzi 65 za Selsiasi. Bati nalo huwaka, tena sana, lakini bati ni jembamba: jua likizama linapoa upesi. Lami na mbao zake hubaki na joto lile na kuendelea kulishusha ndani wakati watoto wanatandikiwa kulala. Joto hilohilo ndilo linalokizeesha kigae. Vya bei nafuu vinatarajiwa kuishi miaka 15 hadi 20 katika nchi za wastani, na jua kali linapunguza umri huo. Mkulima anayejenga kwa fedha za misimu mitano ya korosho hastahili kurudi juu ya paa kabla mwanawe hajamaliza masomo.

Vigae hivi vipewe haki yake. Havipati kutu. Mvua ikinyesha usiku, nyumba inakuwa kimya, na anayelala chini ya bati tupu anajua thamani ya ukimya huo. Mstari wa gundi ulio chini ya kila kigae huyeyuka kwa jua na kukibandika kwenye kigae cha chini yake, na kwa jua la Nachingwea gundi hiyo isingekuwa na kisingizio. Lakini ukimya unapatikana pia kwa dari nzuri chini ya bati, kwa gharama ndogo kuliko kuziba paa zima kwa plaiwudi. Na gundi peke yake haitoshi upepo ukija. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida mwaka 1992, nyumba nyingi zilivuliwa vigae, na wakaguzi walikuta ufungaji mbovu umechangia: misumari michache, iliyopigwa mahali pasipotakiwa. Hayo yalitokea katika nchi yenye mafundi wa vigae hivyo kila mtaa. Mafundi wa Ruangwa ni hodari wa bati. Kuwapa kazi ya vigae vya lami bila mafunzo ni kuwaonea, na kumwonea mteja pia.

Kuna suala la maji, ambalo katika wilaya hizi linatosha peke yake kuamua. Mradi wa kuleta maji ya Mto Nyangao kwa vijiji 56 vya Ruangwa na Nachingwea umesubiriwa kwa hamu kwa sababu kina mama wameyafuata maji mbali kwa miaka mingi. Paa ni chanzo kingine cha maji, na kipo tayari juu ya kichwa. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 100. Mvua moja ya milimita 50, ambayo Januari au Machi si ajabu, inaangusha lita 5,000 juu ya paa hilo: tenki kubwa la plastiki karibu kujaa kwa mvua moja. Bati safi linafaa sana kwa kazi hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walipolinganisha maji ya mvua kutoka mapaa mbalimbali, yale ya vigae vya lami yalikutwa na mabaki mengi zaidi ya kikaboni kuliko yale ya bati, jambo linalosumbua pale maji yanapotiwa dawa ya klorini ili yanyweke. Ukiongeza chembe za mawe zinazopukutika na kuingia kwenye gata, mama wa Mbekenyera kule Ruangwa hana sababu ya kubadilisha.

Nachingwea ina kumbukumbu yake kuhusu vitu vilivyoamuliwa mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea. Ujenzi wa bandari ya Mtwara ukaanza, reli ya kutoka pwani ikalazwa hadi Nachingwea, matrekta yakaletwa kung'oa visiki. Mapema mwaka 1951 mradi ukasimamishwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Treni nayo iliacha kuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kata ya Stesheni imebaki na jina bila reli. Karanga zenyewe hazikuwa na tatizo. Wakulima wa hapa walizilima kabla ya mradi na wanazilima hadi leo. Watu waliamua kwanza ofisini London, udongo na mvua vikaja kupimwa baadaye. Ukubwa wa hasara haulingani na wa paa la nyumba moja, lakini mwenendo wa uamuzi ni uleule, na familia haina hazina ya kufidia kosa kama serikali ya Uingereza ilivyokuwa nayo.

Kwa hiyo mwenye hamu ya paa zuri afanye nini? Kwanza aweke fedha kwenye unene. Namba ya geji ikipanda, bati linapungua unene: geji 28 hukaribia milimita 0.4, geji 32 ni jembamba kiasi cha kubonyea fundi akilikanyaga vibaya. Maduka mengi ya mji yanauza zaidi geji 30 na 32 kwa sababu ndizo mfuko unazoziweza. Heri nyumba ya vyumba vitatu yenye geji 28 kuliko ya vyumba vinne yenye bati la kuviringika kwa mikono. Na rangi: damu ya mzee na kijivu cha makaa ndizo zinazopendwa, lakini ndizo zinazokunywa jua. Rangi nyeupe ya maziwa au kijivu cheupe hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo angani. Mtaani huenda wakasema paa limepauka. Waache waseme.

Mwenye mfuko mkubwa zaidi, anayetaka sura ya vigae hasa, ana bati lililokunjwa kwa umbo la vigae, au vigae vya chuma vilivyomwagiwa chembe za mawe, teknolojia iliyokuzwa New Zealand miaka ya 1950. Sura ni ileile ya picha, bila kuziba paa kwa plaiwudi. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi nao umewahi kuhimiza vigae vya saruji na mchanga, vinavyoweza kufyatuliwa hapahapa na vijana wa hapahapa. Ni vizito, vinahitaji kenchi imara, lakini fedha yake inabaki wilayani.

Lililo muhimu kuliko aina ya paa ni ufungaji wake, na hapa kuna mambo madogo yanayogharimu nyumba nzima. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo, haupigwi bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari ukibonyezwa kupita kiasi unapasuka, na msimu wa pili tone linaanza kuonekana darini. Safu ya mwisho kwenye upenu ndiyo upepo unayoishika kwanza, kwa hiyo misumari yake iwe ya karibu kuliko kwingine. Kenchi zifungwe kwenye linta kwa nondo au chuma bapa kilichozikwa kwenye zege wakati linamwagwa; kuzifunga baadaye kwa waya wa kufungia nondo ni kujidanganya. Mkoa wa Lindi si mgeni wa upepo mkali. Kimbunga kiliupiga mji wa Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Wiki kama hiyo, aliyeezeka kwa bati anapata la kuzibia dukani mjini. Aliyeezeka kwa kigae kinachoagizwa Dar es Salaam anasubiri lori, na mvua inaingia.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Shirika la Viwango (TBS) lipime unene wa bati kwenye maduka ya wilayani kama linavyofanya viwandani na bandarini, kwa sababu mnunuzi wa Ruponda kule Nachingwea hana kipimo cha milimita mfukoni. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi (VETA) ifundishe upauaji kama fani kamili, kuanzia hesabu ya mwinuko hadi gata. Halmashauri mbili hizi zianze na majengo yao wenyewe: kila zahanati na kila darasa jipya lipauliwe likiwa na dari, matundu ya hewa chini ya kofia, gata na tenki vikiwa vimeandikwa kwenye makadirio ya awali, pasipo kusubiri fungu la mwaka mwingine. Mwalimu wa darasa lisilo na dari hulazimika kunyamaza mvua kubwa inapopiga bati. Vipindi anavyopoteza hivyo Januari hadi Machi vinaweza kuhesabiwa, na mhandisi wa wilaya ndiye wa kwanza kupelekewa hesabu hiyo.