Kabla ya kurefusha miguu, mwulize aliyeishika spana

Kwenye droo ya meza yangu ya kusahihishia mitihani kuna spana namba 10, ya aina ile ile aliyo nayo kila fundi wa pikipiki hapa Sagana. Haijawahi kufungua nati ya pikipiki. Kwa wiki kadhaa mwaka 2017 niliitumia kuzungusha nati zilizofungwa kwenye mguu wangu wa kulia: alfajiri, adhuhuri, magharibi na saa sita usiku. Robo mzunguko kila mara, yaani robo milimita. Jumla milimita 1 kwa siku.

Wiki iliyopita niliitoa nikamtia mkononi kijana niliyemfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne. Alikuwa amekuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akakataa chai mara mbili, nikajua ana neno. Hatimaye akasema, "Mwalimu, nimepata njia ya kurefuka."

Nieleze kwanza yaliyomfikisha hapo. Jeshi letu la Kenya, KDF, humtaka mwanamume awe na urefu usiopungua mita 1.60. Kijana huyu alijipanga foleni tangu saa kumi alfajiri, vyeti vyake kwenye bahasha. Alipofika kwenye kipimo akaambiwa mita 1.58, pita kando. Hakupata hata nafasi ya kukimbia, na mbio ndizo alizozifanyia mazoezi miezi minne kwenye barabara ya kwenda Kagio. Wenzake stejini humwita Nusu. Simlaumu kwa kutaka kurefuka. Sentimita 2 zilimnyima kazi, na kila asubuhi jina lile humkumbusha.

Akanionyesha simu. Picha mbili za mwanamume mmoja, kabla na baada, na dalali anayejibu kwa WhatsApp saa yoyote. Upasuaji ungefanywa Istanbul. Kulikuwa na bei mbili. Ya juu ni ya vyuma vinavyoingizwa ndani ya mfupa na kurefushwa kwa sumaku kutoka nje ya ngozi. Ya chini ni ya pete za chuma zinazozunguka mguu kwa nje. Hata hiyo ya chini ingehitaji babake auze robo ekari na bado wakope. Nilipoiona picha ya zile pete nilihisi mguu wangu ukishtuka. Ndizo nilizovaa mimi.

Mimi sikuzitafuta. Desemba 2016 nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda nikitoka Kagio, lori likatusukuma nje ya barabara. Muundi ulivunjika, vipande vingine vikabaki pale kwenye lami, kidonda kikaoza. Madaktari walipomaliza kuondoa mfupa uliokufa na kuzikutanisha ncha mbili, mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa sentimita 4. Wakaukata tena mfupa huo huo, safari hii karibu na goti mahali palipo pazima, wakanifunga pete na nyaya nyembamba zinazopenya nyama na mfupa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha wakanipa spana.

Ufundi huu ulibuniwa na daktari wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, kule Kurgan, Siberia, miaka ya 1950. Aligundua kwamba mfupa uliokatwa kwa uangalifu, ukiachwa siku chache kisha ukavutwa polepole, huota mfupa mpya katikati ya pengo. Ukivuta kwa pupa, mfupa hauoti. Ukichelewa, unajifunga kabla ya urefu kutimia. Jina lake lilivuma alipomtibu Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu wa Olimpiki ya Tokyo 1964, ambaye pikipiki ilimvunja mguu mwaka uliofuata. Brumel aliruka tena. Ninamshukuru Ilizarov kila ninapopanda ngazi za darasa. Wapo watoto wengi nchini wenye deni hilo hilo, waliozaliwa na mguu mmoja mfupi au uliopinda, na ndio ambao hospitali kama AIC-CURE ya Kijabe iliwafungulia milango mwaka 1998.

Lakini yale niliyoishi nayo hayaonekani kwenye picha ya kabla na baada, na hayo ndiyo niliyomweleza kijana hadi chai ikapoa.

Mfupa unakubali kuvutwa. Nyama haikubali. Misuli, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu havikatwi, vinavutwa tu, na vinapinga. Kisigino changu kilianza kupanda juu chenyewe, unyayo ukielekea chini kama wa mtu anayechungulia juu ya ua. Mtaalamu wa viungo akanifundisha kukata tyubu ya baiskeli, kuipitisha chini ya unyayo na kuivuta kwa mikono miwili, dakika 20, mara 4 kwa siku. Nililia nikivuta. Mamangu alikuwa akitoka nje asinione.

Siku ya 19 niliamka nikashindwa kuinua kidole gumba cha mguu. Hakikuuma. Kilikuwa hakinisikii. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki, akaniambia nisiguse spana, nije leo leo. Nikalipia viti viwili vya matatu, kwa sababu mguu wenye pete haukunjiki, na kufikia saa nane mchana daktari wangu alikuwa ameugusa mguu kwa mikono yake. Akanisimamisha siku 4, kisha tukaendelea kwa nusu ya mwendo kwa muda. Kidole kilirudi baada ya wiki tatu. Aliniambia mshipa wa fahamu ulikuwa umefika ukomo wake, na kwamba ningeendelea kuzungusha siku chache zaidi huenda ningeburuta unyayo maisha yangu yote.

Hapo ndipo nilipomwuliza kijana: siku yako ya 19 itakukuta wapi?

Watu hudhani upasuaji huu ni ile siku ya kisu. Mimi baada ya wiki hizo za spana nilibaki na pete miezi 7 zaidi, nikingoja mfupa mpya ukomae. Kila tundu la waya lilioshwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, na bado matundu mawili yalitunga usaha. Kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilinipa dawa za maumivu tu na kunirudisha nyumbani na homa. Aliyeniokoa ni yule yule aliyeziweka nyaya, kwa sababu alijua kila moja inapita wapi.

Na kumbukeni mimi nilirudishiwa urefu ambao misuli yangu iliuzoea tangu ujana. Sentimita 4, mguu mmoja, na mwingine mzima wa kunibeba. Kijana anataka kupita pale Mungu alipomwekea mpaka, miguu yote miwili kwa pamoja. Atajisaidiaje chooni wiki za kwanza? Nani atamwinua?

Vile vyuma vya ndani vya bei ya juu huondoa matundu na usaha, hilo ni kweli, lakini vina hatari zao. Kutoboa mfupa wa paja kwa ndani huweza kusukuma mafuta ya ndani ya mfupa hadi kwenye mapafu, na damu huweza kuganda mguuni ikasafiri huko huko. Watu hufa hivyo. Hata chuma chenyewe si cha kuaminiwa kwa macho: mwaka 2021 kampuni ya Marekani ya NuVasive ilikiondoa sokoni chuma chake kiitwacho Stryde, kilichosifiwa kwamba mgonjwa angeweza kukikanyagia mapema, baada ya kuonekana kutu na mfupa kudhurika pale vipande vyake vinapoungana. China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 wizara yake ya afya ilipiga marufuku kurefusha miguu kwa ajili ya urembo, baada ya vijana waliotaka kazi na wachumba kuachwa na miguu iliyopinda na mifupa isiyounga.

Sisi tumekwisha kuonjeshwa uchungu wa urembo wa kisu. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga kliniki husika. Upasuaji ule haukuwa wa mfupa, lakini mauti yalifika.

Sisemi mtu mzima akatazwe. Mwili ni wake. Ninasema ajue anachonunua, na ajue ananunua kwa nani. Kwa daktari wa Kenya, jina lake litafutwe kwenye sajili ya KMPDC, ambayo iko wazi mtandaoni: amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji wa mifupa, na leseni yake ni ya mwaka huu? Hospitali yake nayo ina leseni? Kwa wa ng'ambo, itafutwe sajili ya nchi yake, na jina liwe la daktari mwenyewe, kwa sababu dalali hakati mtu. Kisha aulizwe ana kwa ana, au kwa video ikibidi: umerefusha watu wangapi, wangapi walirudi mezani kwa kisu cha pili, na wa mwisho aliyeharibikiwa ulimfanyia nini? Daktari anayesema hajawahi kuharibikiwa na mtu, mkimbie. Wangu aliniambia siku ya kwanza kwamba huenda akaukata mguu wote akishindwa, na hapo ndipo nilipomwamini.

Daktari mwema wa kazi hii pia huwakatalia wengi. Humkatalia mvutaji sigara, kwa sababu moshi huzuia mfupa kuunga. Humkatalia anayetaka urefu mwingi kwa mkupuo mmoja. Humpeleka mtu kwanza kwa mshauri wa nafsi, aulizwe kwa upole anatafuta nini hasa kwenye hizo sentimita. Dalali wa kijana wangu hakumuuliza hata umri.

Kwa Baraza hilo la madaktari na wizara yetu ya afya nina ombi moja. Dalali yeyote anayekusanya wagonjwa Kenya kuwapeleka kukatwa mifupa ng'ambo alazimishwe kutaja, kwa maandishi na kabla ya kupokea shilingi, daktari bingwa aliyesajiliwa hapa nchini ambaye amekubali kumpokea mgonjwa huyo akirudi. Bila jina hilo, asiruhusiwe kutangaza. Wanaorudi na mifupa isiyounga wataangukia mikononi mwa hospitali zetu za kaunti, ambako wodi za mifupa zina majeruhi wa bodaboda wa kutosha.

Na kuhusu jeshi nilimweleza kijana jambo ambalo dalali hakuligusa. KDF huchukua makurutu wa miaka 18 hadi 26 walio timamu wa mwili, nao hukaguliwa. Yeye ana 24. Akitoka kwenye pete na magongo, na kovu kila upande wa miguu, atakuwa na muda gani uliobaki, na atakimbia mbio zipi?

Hakujibu. Aliizungusha spana mkononi, akauliza robo milimita ni kiasi gani. Nikamchorea kwa kalamu, wino wenyewe ukawa mnene kuliko hiyo robo. Kisha tukamwandikia dalali swali moja: nikirudi Sagana, nani atanitazama? Jibu lilikuja dakika hiyo hiyo, kwamba bei ingepungua akilipa malipo ya awali kabla ya Ijumaa.

Bado hajaamua, na baba hajauza shamba. Jumanne nina kliniki yangu ya mifupa ya kila mwaka, na kwenye benchi la pale hukosi mtu aliyevaa pete. Nimemwomba anisindikize. Tutakutana stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.