Askari wa Khedive Ismail wasomwe kwa majina

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi wetu huweka mkuki, ngao na mashada ya maua kwenye minara ya kumbukumbu. Nina swali kwa waandaaji: askari aliyefia baharini, asiye na kaburi, anakumbukwa wapi?

Meli Khedive Ismail iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922 kwa kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua. Ilisafirisha abiria kati ya Valparaíso na New York, na baadaye ikanunuliwa na kampuni ya Misri mwaka 1935 na kupewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo. Mwaka 1940 Waingereza waliitwaa ibebe askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Zaidi ya 900 walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Februari 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Haikuchukua hata dakika tatu kuzama. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na manowari ya Uingereza, Petard, ikaangusha mabomu yake papo hapo, katikati ya manusura. Uamuzi huo hutetewa kwa hoja kwamba meli nyingine nne za msafara zilikuwa hatarini. Mimi niliyeketi ofisini Iringa sithubutu kuuhukumu. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni 214.

Nimewauliza wanafunzi wangu juu ya meli hii. Hakuna aliyewahi kuisikia, ingawa baadhi yao, wa Mbeya hasa, walikuwa na babu waliokuwa keya na kusimulia habari za Burma.

Wapo watakaosema askari hao walipigania dola ya mkoloni. Ni kweli. Lakini mkoloni huyo huyo alikuwa na sheria ya kuwaandikisha watu kwa nguvu, na tukiwasahau kwa sababu hiyo tunawaadhibu kwa kosa lake.

Askari hao wa mizinga wanakumbukwa Nairobi, kwenye mnara ulio katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Nani wa Tukuyu au Mufindi atapata nauli ya kwenda huko? Idara ya Nyaraka za Taifa, pamoja na idara za historia za vyuo vyetu, zichukue orodha hiyo, zibainishe Watanganyika na wilaya zao, kisha Julai 25 majina yasomwe kwa sauti huko huko walikotoka.