Mbio za mwanafunzi asiyeshinda

Mara nyingi jina la Henry Rono linapotajwa mbele ya wanafunzi, husimuliwa nusu ya kisa chake tu. Mnamo mwaka 1978, mwana huyu wa Nandi, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Michezo ya Olimpiki hakuionja, maadamu Kenya iliisusia ile ya 1976 na ya 1980. Kisha pombe ikamtwaa. Bingwa aliyeitetemesha dunia akaishia kulala katika makao ya wasio na makwao, na kubeba mizigo ya wasafiri uwanjani mwa ndege.

Hapo ndipo wasimulizi hukomea. Hawasemi kwamba Rono aliiacha chupa, akawa mwalimu na mkufunzi wa riadha mjini Albuquerque, na alipopita umri wa miaka 50, mwili ukiwa umenenepa, akarejea kukimbia. Alifariki jijini Nairobi mwezi Februari 2024.

Wapo wanaodai kuwa mbio huponya ulevi. Dai hilo silikubali lilivyo. Mwaka 1981 Rono aliivunja tena rekodi ya mita 5,000, ilhali tayari alikuwa mnywaji wa kupindukia. Kasi haikumkinga. Yamkini tofauti ni kwamba mbio za ujana wake zilikuwa mali ya chuo, ya taifa na ya waandalizi wa mashindano. Zile za uzeeni zilikuwa zake mwenyewe. Hazikuwa na umati wala hundi. Zilimdai tu aamke, avae viatu, atoke. Anayepigana na uraibu huhitaji jambo kama hilo, dogo na la kila siku, na wenzake wa kumuuliza alikokuwa jana.

Je, shule zetu humpa nani nafasi hiyo? Kipindi cha michezo hugeuzwa kuwa cha marudio, na wanaoruhusiwa kukimbia ni wale wachache wanaotarajiwa kuiletea shule kikombe. Kijana aliyenaswa na chang'aa au bangi hutumwa nyumbani, nako nyumbani, mara nyingine, ndiko chang'aa inakopikwa!

Napendekeza kijana huyo anaporejea shuleni, pamoja na kuonana na mwalimu wa ushauri, aingizwe katika kundi la kukimbia alfajiri. Asipimwe kwa saa. Asiahidiwe medali. Akikosa siku moja, aitwe siku ya pili bila kejeli. Na mwalimu asisimame kando na filimbi mdomoni, bali akimbie naye, hata kama kitambi kitamchelewesha.

Najua walimu watalalamika kuwa hawana muda. Nusu saa kabla ya gwaride yatosha, mara tatu kwa wiki, na barabara ya vumbi inayopita langoni mwa shule haitozi karo.